Kuba ya Mbao: Mhadhara Juu ya Gitaa la Jazi na Mafundi wa Japani



Ala ambayo nimekusudia kuieleza mbele ya hadhira hii tukufu ni gitaa la aina maalumu, lile ambalo uso wake, badala ya kuwa bapa, umechongwa ukainuka katikati na kuteremka pande zote mpaka ukingoni, nami kwa ajili ya umbo lake hilo nitaliita gitaa la kuba. Lilizaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, likapata makazi yake katika muziki wa jazi, na leo miongoni mwa mafundi wanaoliendeleza kwa makini na taamuli kubwa ni wale wa Japani, ambao aghalabu hufanya kazi katika karakana ndogo zenye watu wachache, pengine mtu mmoja peke yake na patasi zake. Nitaanza na tabia ya ala yenyewe, kwa kuwa asiyejua kuba inafanya kazi gani hawezi kuonja ustadi wa aliyeichonga. Kisha nitafuata nasaba yake huko Marekani na njia iliyoifikisha Japani. Na mwisho nitazitazama kazi za karakana za leo na kuzipima kwa mizani ya insafu. Hoja itakayopita ndani ya maneno yangu yote ni moja: umbo jipya la ala hii limepatikana kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza, na haki ya kupunguza huipata yule aliyekwisha kuiga kwa uaminifu mpaka akajua kila kipande kimewekwa mahali pake kwa sababu gani.

I. Tabia ya Ala

Wasikilizaji wangu wanajua udi na fidla. Udi una uso bapa na mgongo wa mviringo, na nyuzi zake hufungwa kwenye kipande cha mti kilichogandishwa kwa gundi juu ya uso huo huo. Fidla ina uso na mgongo vilivyochongwa kwa kuinuka, na nyuzi zake hupita juu ya daraja lisilogandishwa, zikaenda kushikwa na kishikio kilichofungwa mwisho wa sanduku. Tofauti ya ala hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, maana katika udi, na katika gitaa la kawaida ambalo ni jamaa yake, nyuzi huuvuta uso zikitaka kuung'oa na kuupinda, ilhali katika fidla huukandamiza chini kwa njia ya daraja. Gitaa la kuba ni gitaa lililoifuata sheria ya fidla.

Nyuzi sita za chuma, zikikazwa hadi sauti yake ya desturi, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na sehemu ya nguvu hiyo, kwa kadiri nyuzi zinavyoinama zikishuka kutoka darajani kwenda kwenye kishikio, hugeuka kuwa mzigo juu ya uso. Ubao bapa wenye wembamba ule ule ungebonyea chini ya mzigo huo. Kuba hustahimili, kwa kuwa uzito unaoshuka katikati husambazwa kando kando hadi kwenye kuta za sanduku, na kwa hiyo fundi hupata uso ulio mwepesi na imara kwa pamoja. Natija yake husikika: sauti ya gitaa la kuba hutoka upesi, ina ncha iliyo wazi, na hufifia mapema kuliko ya gitaa bapa. Mwimbaji anayejipigia mwenyewe huenda akaiona sifa hiyo kuwa kasoro, lakini mpiga gitaa wa bendi ya jazi huihesabu kuwa hiba, kwa sababu kila pigo lake hukoma kwa wakati na kuwaachia wenzake nafasi.

Uso huchongwa kwa mbao ya sprusi, mti wa nchi za baridi ambao ni mwepesi na wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, na mgongo kwa mbao ya mepo, iliyo ngumu na yenye mawimbi ya kupendeza. Fundi huanza na vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kufunuliwa vikatazamana, kila kimoja kikiwa na unene wa karibu sentimita 2.5 upande wa katikati. Huviunga, akavichonga kwa bobari, kisha kwa randa ndogo zenye tumbo la mviringo, kisha kwa kukwangua, mpaka unene wa katikati ubaki yapata milimita 6, na ule wa karibu na ukingo, pale ambapo kuba huingia bondeni kabla ya kuinuka tena kidogo kukutana na kuta, ushuke hadi milimita 3 au chini yake. Zaidi ya nusu ya mbao aliyoinunua kwa bei ghali huishia kuwa maranda sakafuni. Hana jedwali la vipimo liwezalo kumwongoza mpaka mwisho, kwa kuwa miti miwili ya jinsi moja haina ugumu mmoja. Hivyo huushika uso kwa ncha za vidole na kuugonga, akasikiliza, akakwangua kidogo, akagonga tena, kama mnunuzi mzoefu wa nazi agongaye na kutikisa kabla ya kutoa fedha yake, mpaka sikio limwambie aache.

Ndani ya uso hugandishwa mataruma mawili ya kuukaza. Yakilazwa sambamba, kufuata urefu wa mbao, sauti huwa kali na yenye kupenya. Yakipishanishwa mfano wa herufi X, huwa laini na hudumu zaidi. Uamuzi huu mmoja, ambao hakuna auonaye tena sanduku likishafungwa, una nguvu juu ya tabia ya ala kuliko nakshi zote za nje, na ni vema tuukumbuke tutakapofika kwenye karakana za Japani.

II. Nasaba ya Marekani

Mwanzilishi wa ukoo huu alikuwa Orville Gibson, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1856, aliyehamia Kalamazoo katika jimbo la Michigan, akafanya kazi ya karani katika duka la viatu huku saa zake za ziada akizitumia kuchonga mandolini na magitaa kwa namna ya fidla. Mwaka 1898 alipewa na serikali cheti cha haki ya uvumbuzi, na mwaka 1902 ilianzishwa kampuni iliyochukua jina lake. Mwanamuziki Lloyd Loar, aliyeitumikia kampuni hiyo kuanzia mwaka 1919 hadi 1924, ndiye aliyesimamia kutolewa kwa gitaa la L-5 mwaka 1922, na ndani yake zikakutana sifa ambazo tangu hapo zimekuwa kaida: matundu mawili ya sauti yenye umbo la herufi f badala ya tundu moja la mviringo, daraja liwezalo kupandishwa na kushushwa, na ufito wa chuma ndani ya shingo wa kuzuia nyuzi zisiipinde.

Gitaa hilo lilipotoka, banjo ndiyo iliyotawala katika bendi za dansi, kwa sauti yake iliyopenya ukumbini bila msaada wa umeme. Gitaa la kuba liliiondoa banjo polepole, na kwa kuwa bendi zilizidi kukua, zikiwa na tarumbeta na saksafoni nyingi, ala nayo ilipaswa kukua ili isikike. L-5 ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 16, yaani yapata sentimita 40. Katikati ya miaka ya 1930 ikapanuliwa hadi inchi 17. Na mwaka 1934 kampuni hiyo hiyo ikatoa gitaa la inchi 18 lililoitwa Super 400, kwa kuwa bei yake ilikuwa dola 400. Huko New York, katika mtaa wa Kenmare, John D'Angelico, aliyejifunza kazi kwa fundi wa fidla na mandolini wa ukoo wake, alifungua karakana mwaka 1932 na kutengeneza mpaka kufa kwake mwaka 1964 magitaa elfu moja na zaidi, ambayo mengi yake yalipambwa kwa sadafu, kwa vyuma vilivyopakwa dhahabu, na kwa michoro ya ngazi ngazi iliyofuata mtindo wa maghorofa ya mji huo. Zama zile, ukubwa na pambo vilikwenda pamoja, na mnunuzi aliamini kwamba alicholipia kilionekana.

Umeme ulikuja kuivunja hesabu hiyo. Mwaka 1936 Gibson ilitoa ES-150, gitaa la kuba lenye kinasa cha sumaku chini ya nyuzi, na kijana Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 na kufariki mwaka 1942, alionyesha kwa muda mfupi huo kwamba gitaa liliweza kuzungumza kama saksafoni. Tangu siku hiyo ukubwa wa sanduku haukuwa tena sharti la kusikika. Na zaidi ya hayo ulikuwa adha, kwa maana sanduku pana lenye uso mwepesi husisimka kwa sauti itokayo kwenye kipaza, sauti ile ikarudi kwenye nyuzi, ikapazwa tena, mpaka ukumbi ukajaa mlio wa marejeo usiovumilika. Gibson ilijibu mwaka 1949 kwa ES-175, ambayo uso wake ulikuwa wa mbao za tabaka zilizogandishwa na kukandamizwa katika kalibu, imara zaidi na za bei nafuu zaidi, nazo zikapata sauti kavu ambayo wapiga jazi waliipenda kwa dhati. Hata hivyo mafundi wa kuchonga waliendelea kwa miaka mingi kufanya ala za vipimo vya zama zisizokuwa na umeme, kana kwamba sababu iliyozaa vipimo hivyo bado ilikuwa hai.

Aliyeuliza swali lililostahili alikuwa James D'Aquisto, mwanagenzi wa D'Angelico tangu mwaka 1952, ambaye baada ya kufa kwa ustadhi wake aliichukua karakana na kwa muda mrefu akaendeleza maumbo yake. Hatua kwa hatua, na hasa katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1995, aliondoa kishikio cha chuma akaweka cha abunusi, akaondoa sadafu, akaondoa mikanda ya kuzunguka kingo, na matundu ya herufi f akayageuza kuwa mianya mipana ya umbo jipya, akisema kwa kazi ya mikono yake kwamba kila gramu isiyofanya kazi huila sauti. Magitaa hayo ya mwisho, matupu na yasiyofanana na chochote kilichotangulia, ndiyo msingi wa usanifu mpya wa gitaa la kuba duniani kote. Na miongoni mwa nchi zilizoyasoma kwa makini ni Japani.

III. Kufika Japani

Mtu akitaka kujua kwa nini ilikuwa hivyo, hana budi kurudi nyuma hadi mwaka 1887, mwaka ambao Torakusu Yamaha alikitengeneza kinanda kibovu huko Hamamatsu na kuanza njia iliyofika kwenye kampuni kubwa ya jina lake, na ambao Masakichi Suzuki wa Nagoya, fundi wa shamisen, ala ya nyuzi tatu ya nchi hiyo, aliiona fidla ya Kizungu, akaichunguza, akatengeneza ya kwake kwa kuiiga. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, fidla za Ujerumani zilipoadimika sokoni, kiwanda cha Suzuki kilitoa maelfu kwa maelfu. Nagoya ikawa mji wa watu wanaojua kuchonga kuba za mbao kabla hawajajua jazi ni nini, na hapo hapo, kutoka idara ya ala za muziki iliyoanzishwa mwaka 1908 katika duka la vitabu la ukoo wa Hoshino, ilitokea kampuni iliyoagiza magitaa ya fundi Salvador Ibáñez wa Valencia, Hispania, na hatimaye ikalichukua jina hilo likawa alama ya magitaa yake.

Muziki wenyewe ulikuja kwa meli na kwa santuri. Yokohama, mji wa bandari, ulipata mwaka 1933 mkahawa ulioitwa Chigusa, ambamo mtu aliyeshindwa kununua santuri za bei ghali aliweza kununua kikombe kimoja cha kahawa na kukaa kimya akisikiliza. Na baada ya jazi kupigwa marufuku wakati wa vita kwa kuwa muziki wa adui, ikarudi kwa kishindo pamoja na askari wa Kimarekani walioikalia nchi kuanzia 1945 hadi 1952. Ziara ya mpiga ngoma Art Blakey na bendi yake mwaka 1961 iliwasha moto mji baada ya mji. Mikahawa ya kusikiliza ilienea, na ndani yake kulikuwa na adabu kali ya kunyamaza, hata kikazaliwa kizazi cha watu waliojua kutofautisha, kwa sikio peke yake, gitaa la Jim Hall na la Wes Montgomery. Fundi achongaye kwa kugonga na kusikiliza alikuwa amepata shule yake.

Matsumoto, mji wa mkoa wa Nagano ulio kiasi cha mita 600 juu ya bahari, kati ya milima yenye misitu na hewa kavu inayofaa kuzeesha mbao, ulikuwa kituo cha pili. Huko ndiko Shinichi Suzuki, mwana wa yule Masakichi, alikoanza mwaka 1946 kuwafunza watoto fidla kwa njia ya kusikiliza na kuiga kabla ya kusoma nota, kwa hoja kwamba hivyo ndivyo mtoto ajifunzavyo lugha ya mama. Na huko ndiko ilikoanzishwa mwaka 1960 FujiGen, kiwanda cha magitaa kilichokuja kuwa miongoni mwa vikubwa vya nchi. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Nagoya na Matsumoto vilitengeneza nakala za magitaa ya Kimarekani, kwanza za ovyo, kisha nzuri, kisha nzuri kiasi cha kuwatia Wamarekani wenyewe tashwishi.

Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kampuni iliyomiliki Gibson iliwashitaki wauzaji wa Ibanez katika mahakama ya Philadelphia kwa ajili ya umbo la kichwa cha gitaa, kesi iliyomalizika kwa maafikiano. Na Ibanez, ikishirikiana na mpiga gitaa George Benson, ilitoa gitaa la GB10, ambalo halikuwa nakala ya chochote. Upana wake ulikuwa chini ya inchi 15, mdogo kiasi cha kuwachekesha waliozoea inchi 17, na vinasa vyake viwili viliwekwa kwa namna isiyoulemea uso. Benson alicheza katika kumbi kubwa, mbele ya vipaza vyenye nguvu, na alihitaji ala yenye sauti ya kuba isiyopiga kelele za marejeo. Kwa hiyo kilichopunguzwa kilipunguzwa kwa haja iliyojulikana. Nakala zote za miaka iliyotangulia zilikuwa zimewafundisha mafundi wa Matsumoto waliolitengeneza gitaa hilo unene, pembe, gundi na mkunjo wa kuba, na elimu hiyo ndiyo iliyowapa ujasiri wa kukata zaidi ya inchi mbili kutoka umbo ambalo Wamarekani wenyewe waliliheshimu kupita kiasi.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu neno nakala lina sifa mbaya na aliyeiga huhesabiwa mwizi au mvivu. Katika Japani kuna hekalu la Ise ambalo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, kwa mbao mpya na kwa vipimo vile vile. Na jambo linalohifadhiwa kwa desturi hiyo ni ujuzi wa mikono, unaopita kutoka mzee kwenda kijana kabla mzee hajafa. Taklidi ya namna hii ni kazi ngumu. Mwenye kuiga umbo la nje peke yake hujifunza machache, lakini mwenye kuiga mpaka sauti ya nakala ilingane na ya asili hulazimika kugundua yote ambayo mtangulizi wake hakuyaandika, na akishayagundua ameacha kuwa mwigaji, hata kama umbo alilolifanya ni lile lile. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Vestax ya Tokyo ilitoa magitaa ya jina la D'Angelico yaliyotengenezwa na kiwanda kikongwe cha Terada cha Nagoya, na wapigaji wengi wa Ulaya na Marekani, ambao wasingeweza kamwe kununua ala ya asili, walionja umbo la New York kwa mikono ya Nagoya.

IV. Karakana za Leo

Kutoka katika viwanda hivyo walitoka watu mmoja mmoja. Fundi aliyekaa miaka mingi akichonga shingo au kukaza mataruma kwa ajili ya jina la mtu mwingine huacha kazi, hukodi jengo dogo, na kuanza kufanya ala chache kwa mwaka, kila moja kwa mtu anayemjua. Wengine walivuka bahari, kama marehemu Taku Sakashta, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi California mpaka kufariki kwake mwaka 2010, na ambaye magitaa yake ya kuba yaliheshimiwa na mafundi wenziwe wa nchi ile aliyohamia. Wengine walibaki Matsumoto: kampuni ya Deviser ya mji huo hutoa kwa jina la Seventy Seven magitaa yenye sanduku dogo na jembamba kwa wapiga jazi. Na wengine huwafanyia kazi wasanifu wa ng'ambo. Gitaa la Jim Hall lililosanifiwa na Roger Sadowsky wa New York, ambaye alitaka kupata tena tabia ya gitaa ambalo D'Aquisto alikuwa amemfanyia Hall, limekuwa likitengenezwa Japani, na siri yake kubwa ni mbao za tabaka zilizo nyembamba kuliko ilivyozoeleka.

Mbao za tabaka zastahili maneno zaidi, maana kwa muda mrefu zilidharauliwa kuwa kitu cha maskini. Mafundi wa Japani walizitazama upya. Tabaka zikiwa nzito, uso hufa. Zikiwa nyembamba, na gundi ikiwa kidogo na ngumu, uso hupata uhai wa kutosha kwa kutetemeka na ukaidi wa kutosha kwa kuzuia mlio wa marejeo. Hiyo ni mizani, na mizani hiyo hutafutwa kwa ala ambayo karibu siku zote itapigwa kwa umeme. Fundi anayemwambia mnunuzi kwamba kwa kazi yake ya jukwaani mbao za tabaka zitamfaa kuliko uso uliochongwa wa bei mara mbili amefanya jambo la insafu ambalo wauzaji wengi hawalifanyi.

Katika magitaa yanayochongwa, mwelekeo ni huo huo wa kupunguza. Upana umerudi kwenye inchi 16 na 15, na kina cha sanduku, ambacho zamani kilizidi inchi tatu, kimeshushwa kwa wengi hadi mbili na nusu au pungufu, ili mpigaji asikae akiwa amekumbatia pipa. Kishikio ni cha mti, chepesi, kilichofungwa kwa uzi badala ya bawaba ya chuma, na kwa kuwa wepesi wake hubadilisha jinsi nyuzi zinavyolikandamiza daraja, fundi hulazimika kuupima upya mkunjo wa kuba yote. Ndiyo maana asiyeelewa akibadilisha kishikio peke yake hupata ala isiyo na sauti ya zamani wala ya mpya. Mataruma ya X yamepata wapenzi wengi, kwa ajili ya wapigaji wanaopenda kucheza peke yao, vidole bila kipigio. Katika ukuta wa juu wengine hutoboa tundu dogo linaloelekea sikio la mpigaji mwenyewe, ambaye kwa karne nzima alikuwa mtu wa mwisho kuisikia vema ala yake.

Zana nazo zina sehemu yake. Randa ya Kijapani huvutwa kuelekea mwilini badala ya kusukumwa, na msumeno hukata wakati wa kuvuta, hivyo bapa lake laweza kuwa jembamba sana na ufa wake mdogo. Fundi aliyelelewa na zana hizo amezoea kuondoa kidogo kidogo kwa mkono unaohisi, na uchongaji wa kuba hauhitaji tabia nyingine. Kwa rangi na ulinzi, baadhi yao hutumia urushi, utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki ambao huwa mgumu kwa unyevu wa hewa, kinyume cha vanishi za kawaida, na ambao ukipakwa kwa tabaka nyembamba sana huuvika uso bila kuuziba pumzi. Sprusi hutoka Ulaya na Amerika, na pengine Hokkaido, ambako mti wa ezomatsu ulitoa kwa miaka mingi mbao za piano.

Abunusi ya ubao wa vidole na ya kishikio hutoka kwetu Afrika, hasa Kameruni na Gaboni, nayo ni ya jamii tofauti na mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji, ambao unajulikana zaidi kwa klarineti. Mpingo ni wa jamii ya miti iliyowekwa yote chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe adimu tangu Januari 2017, ingawa ala zilizokamilika zilipewa nafuu mwishoni mwa mwaka 2019. Fundi wa leo, Nagoya au kwingineko, anapaswa kujua mbao yake ilikatwa wapi na kwa idhini ya nani. Na vijiji vya Wilaya ya Kilwa, ambavyo kuanzia mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC kwa misitu yao ya asili, vimeonyesha kwamba swali hilo lina jibu la heshima kwa mwenye msitu na kwa mwenye patasi.

V. Hukumu

Zipo hoja mbili dhidi ya mafundi hawa, nazo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza husema kwamba bei ya kazi zao ni ya matajiri, na kwamba mwanamuziki wa kawaida, ambaye ndiye aliyeizaa jazi, hawezi kuzifikia. Hoja hii ni ya kweli kwa ala zilizochongwa kwa mkono mmoja, lakini elimu ya karakana haibaki karakanani: udogo wa sanduku, wepesi wa kishikio na wembamba wa tabaka, ambavyo vilijaribiwa katika ala za gharama, vimekwisha kuingia katika magitaa ya kiwandani ya bei ya wastani, na GB10 yenyewe ilianzia kiwandani.

Ya pili husema kwamba gitaa tupu, lisilo na sadafu wala mikanda wala matundu ya f, limepoteza haiba ya zamani na kubaki kifaa. Nami nakiri kwamba katika kila zama kuna wanaopunguza kwa kuwa mwenzao amepunguza, na matundu mapya ya sauti yaweza kuwa fasheni kama zilivyokuwa dhahabu na ngazi ngazi za New York. Upungufu usio na sababu ni pambo pia, tena pambo la kujifanya. Ndiyo maana nimeisisitiza taklidi tangu mwanzo. D'Aquisto alitengeneza umbo la ustadhi wake kwa miongo kabla hajaligusa. Mafundi wa Matsumoto walinakili inchi 17 mpaka wakazijua, ndipo wakakata. Na mwanagenzi anayetaka kuanza pale D'Aquisto alipoishia, bila kupita alikopita, hana anachokipunguza, kwa sababu hajawahi kuwa nacho.

Natija ya maneno haya, kwa wanunuzi na kwa wakufunzi wa ufundi walio hapa, ni ya matumizi. Shule ya ufundi inayomkataza kijana kunakili, kwa kuogopa kwamba atakosa ubunifu, humnyima njia pekee iliyowahi kuuzaa. Na ile inayomruhusu kunakili umbo bila kumtaka alinganishe sauti humpotezea miaka. Na mtu akiletewa gitaa jipya, la Japani au la nchi yoyote, asitosheke kuuliza limeongezwa nini. Amwombe fundi amwonyeshe kitu alichokiondoa, na aeleze kitu hicho kilikuwa kikifanya kazi gani, na kazi hiyo sasa inafanywa na nini. Fundi wa kweli atalijibu swali hilo kwa furaha na kwa urefu. Na asiyeweza kulijibu, hata kama ala yake inang'aa, bado yu mwanagenzi, na arudi kwenye nakala.